Bei ya Mfarishi Uliokwisha Kushonwa

Mtu akija na kitambaa na sufi akasema, "Nishonee mfarishi," hapo hapana neno. Unapima, unataja bei, analalamika kidogo kwa ada, mnakubaliana. Shida, vijana, ni yule anayekuja na mfarishi uliokwisha kushonwa, ukalaliwa miaka, ukafuliwa, ukakojolewa na watoto na kuanikwa uani, kisha anauweka mbele yako na kusema, "Nataka unipunguzie upande huu tu." Hilo "tu" limeninyonya damu kuliko mbu wote wa Msambweni.

Ninyi mliozaliwa mkakuta magodoro ya sponji huenda hamuujui mfarishi. Ni vitambaa viwili, katikati sufi au pamba, vikashonwa kwa mkono mistari mistari ili kilichomo ndani kisikimbilie pembeni. Miaka ya hamsini, huku kwetu kusini ya Mombasa, mwenye kitanda cha kamba alitandika mkeka, juu ya mkeka akatandika mfarishi, na baridi ya kusi ikimzidi aliutoa chini akajifunika. Mfarishi mzuri ulikaa na watu maisha yao yote. Ndiyo maana watu waliuleta kurekebishwa, na ndiyo maana mimi nilipata mvi mapema.

Sikuanza kazi hiyo kwa kuitaka. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa sababu mwalimu alijibu maswali yake mwenyewe na si yangu. Nilivunja mawe Diani, nikachoma chokaa Mwabungo, nikakata miwa, nikabeba magunia ya korosho, nikaenda Mkwiro kufuata pweza mpaka nilipojua mashimo wanamolala, na nilipojua hamu ikanitoka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kazi nikishaielewa, miguu inawasha.

Siku moja mtu alinituma nipeleke gunia la sufi Msambweni, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Mwanakombo. Nikamkuta ameketi uani akiipiga sufi kwa fimbo mbili nyembamba, chini ya wavu mkuukuu wa samaki. Nikamuuliza wavu wa nini. Akasema upepo ni mwizi. Nikamuuliza kwa nini fimbo mbili, isiwe moja. Akaniambia, "Mwanangu, una maswali mengi na mikono mitupu. Shika hii."

Nikashika. Nilipiga chafya mpaka jioni, na nikakaa naye miaka. Kila mfarishi ukiufumua unakuta mambo yake: huyu alitia pamba nzuri juu na matambara chini, yule alishona kwa uzi wa nyavu, mwingine mistari yake imenyooka mpaka katikati kisha inapinda, ukajua hapo mshonaji alianza kuugua au alianza kugombana na mtu. Miguu yangu haikuwasha tena.

Bi Mwanakombo alikuwa fundi asiye na mfano, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ulionitia wazimu. Hakutaja bei. Aliona haya.

Mteja anauliza, "Nitakupa nini, Bi Mwanakombo?"

"Ah, wewe si mgeni, mwanangu. Utakachojaaliwa."

"Hapana, sema wewe."

"Siwezi kusema mbele yako. Wewe ndiye utakayesema."

Na mteja naye ana haya zake, au anajifanya anazo. Wanasukumiana hivyo, wanaombeana dua, wanaagana vizuri. Kazi inaisha. Mteja anarudi na mapapai mawili na salamu za nyumbani kwake. Bi Mwanakombo anapokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Nikamwambia, "Mama, mapapai hayanunui uzi."

"Mimi naona haya, Bakari."

"Haya hailiwi."

"Kwani tumewahi kulala na njaa?"

"Jana."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema, kama mtu anayenitunuku ardhi, "Basi kazi ya kutaja bei nakupa wewe. Wewe hukulelewa vizuri."

Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu, na ninawapa ninyi nilichojifunza, mkitaka mkichukue, mkitaka mkiache.

Usitaje bei kabla hujaugeuza mfarishi. Juu watu wanakuonyesha wanachotaka ukione. Ugeuze, uvute mshono kwa kidole, uone uzi unakatika au unavumilia. Uzi ukikatika kwa kidole, jua hutapunguza upande mmoja. Utashona mfarishi mzima upya, na mwenyewe atakulipa upande mmoja. Kisha weka ngumi katikati, bonyeza, ondoa. Sufi nzima inapanda polepole mpaka inajaa. Sufi iliyokufa inabaki shimo. Kisha nusa, hata mwenyewe akichukia. Kilicholowa na kukauka vibaya kinanuka kama kuta zilizolowa mvua, na ndani yake mna mabonge magumu ambayo hata Bi Mwanakombo na fimbo zake mbili hakuyaweza.

Na kufumua ni kazi. Andikeni hilo mahali. Mtu anadhani kufumua ni kuharibu, na kuharibu hakulipwi. Nyie fumueni mstari mmoja bila kuchana kitambaa kilichochakaa, na sufi ikitaka kuruka usoni kila mnapopumua, kisha mniambie kama haikuwa kazi.

Nilidhani ujinga huu ni wa kwetu. Mpaka alipokuja Katana, mpishi wa nyumba moja ya Mzungu kule ufukweni Diani. Alileta mfarishi ulioshonwa kwetu, mzuri, wa kitambaa cha maua. Memsahibu wake alikuwa amenunua kitanda kikubwa zaidi na anataka upanuliwe. Nikaugeuza, nikauvuta, nikautia ngumi, nikataja shilingi kumi na mbili.

Katana akasogea karibu. "Kwangu mimi sawa, kumi na mbili. Lakini akikuuliza yeye, sema kumi na tano."

"Na hizo tatu?"

"Hizo ni za njia. Njia ni ndefu, fundi. Huoni jua?"

"Una baiskeli ya memsahibu."

"Baiskeli nayo inachoka."

Nilikataa, si kwa wema, bali kwa sababu nilijua nitasahau ni bei gani nimemwambia nani. Katana akakasirika, akaenda, na baada ya siku chache memsahibu akaja mwenyewe kwa gari, Katana nyuma akibeba mfarishi na uso uliofungwa. Yule mama alikijua Kiswahili kidogo, na kwa hicho kidogo alinieleza kwamba kumi na mbili ni nyingi mno, kwa kuwa mfarishi tayari upo, mimi naongeza kipande tu. Alisema "tu" vizuri sana, kama amezaliwa Ukunda.

Nikamweleza. Kipande hakibandikwi kama muhuri. Lazima nifungue upindo, nirudishe sufi nyuma, niunganishe vitambaa, nilinganishe unene, maana usipolingana mtu atalala kama yuko ukingoni mwa mtaro. Akatikisa kichwa kwa huruma, akalipa kumi. Kazi ilipokwisha akalalamika kwamba kipande kipya kinang'aa kuliko cha zamani. Nilikuwa nimekwisha kukifua kile kitambaa kipya na kukianika mara nyingi ili kipauke, lakini jua la wiki mbili haliwezi kufanya kazi ya jua la miaka. Hilo nalo mwambieni mteja mapema. Ukimwambia mapema ni maelezo, ukimwambia baadaye ni udhuru.

Kuna jambo jingine nililojifunza ambalo hamtalipenda, nalo ni thamani ya mfarishi wa zamani ukitaka kuuuza. Mteja mmoja alituachia wake, aliposikia bei ya kuupunguza akasema anakwenda kuleta pesa, akapotea kabisa. Ulikaa kwetu zaidi ya mwaka, panya wakaanza kuuzoea. Bi Mwanakombo akasema, "Uuze, na pesa tumwekee." Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilitaka kujua. Nikapanda lori nikaenda nao Lunga Lunga siku ya soko, mpakani pale, ambako watu wa pande mbili hununua hata kamba iliyokatika.

Kila aliyeugusa aliuliza swali moja. "Nani kaufia?"

"Hajaufia mtu."

"Unajuaje?"

Sikuwa najua. Ungewezaje kujua? Mfarishi ni mahali watu wanapougulia. Nikashinda juani, nikateremka kutoka shilingi kumi hadi tano hadi mbili, na mwishoni utingo wa lori akanipa shilingi moja, apate kitu cha kulalia akiingia chini ya gari kukaza bolti. Nilirudi nikawauliza wenye maduka Msambweni, nikawauliza mafundi wengine. Wote walisema vile vile. Mpya una bei yake, wa zamani unaotumiwa na wenyewe una thamani kwao, lakini sokoni ni shilingi moja, na umshukuru Mungu. Nikaitia hiyo kichwani pamoja na mengine niliyoyajua. Sikujua itanifikisha wapi.

Ilinifikisha kwa Salimu na dada yake Mwanamvua.

Walikuja asubuhi moja, kila mmoja kwa njia yake. Salimu alitoka Mwabungo kwa baiskeli, na mfarishi umefungwa kwenye keria kwa kamba ya mkonge. Mwanamvua alikuwa ameolewa Mkwiro, akavuka maji mpaka Shimoni na kupanda lori la makaa hadi kwetu. Wakakutana uani kwa Bi Mwanakombo, wakatupa shikamoo zetu sote, mimi nikiwemo ingawa sikuwazidi kwa mengi, na wao kwa wao wakasalimiana kwa jicho la pembeni.

Bi Mwanakombo wakati huo macho yalikuwa yamepungua nuru. Alikaa kwenye mkeka akichambua sufi kwa vidole. Akauliza habari za mama yao, maana alimfahamu.

"Ametangulia mbele ya haki, bibi," akasema Salimu. "Arobaini imekwisha kusomwa."

Tukasema yanayosemwa. Kisha Salimu akaeleza shauri lao. Baba yao alikwisha kufa zamani, warithi ni wao wawili tu. Sheikh aliwagawia kila kitu kwa sheria, mafungu mawili ya kaka, fungu moja la dada. Minazi iligawanywa, vyombo vikagawanywa, mbuzi wakagawanywa. Umebaki mfarishi aliokuwa akilalia mama yao, alioushona kwa mkono wake mwenyewe. Kila mmoja anautaka.

"Kwa hiyo tunataka uukate," akasema Salimu. "Thuluthi mbili zangu, thuluthi moja yake. Kila kipande kipate upindo wake. Tutajie bei."

Nikamtazama Mwanamvua. Alikuwa ameutazama mfarishi tangu ulipofunguliwa, hakumtazama mtu.

Nikaugeuza. Ulikuwa wa kitambaa cha merikani, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mtoto. Mistari ilipita kwa urefu, myembamba, sawasawa, na uzi haukukatika nilipouvuta. Nikapima thuluthi kwa shubiri za mkono. Nikaeleza: nitakata kwa upana hapa, kila mstari uliokatwa lazima ufungwe pande zote mbili, kisha kila kipande kitatiwa upindo mpya mahali pa kisu.

"Shilingi sita," nikasema. "Tatu za kila mmoja."

Mwanamvua akainua macho kwa mara ya kwanza. "Tatu za kila mmoja?"

"Ndiyo, dada."

"Yeye achukue thuluthi mbili, mimi thuluthi moja, na gharama tulipe nusu kwa nusu?"

"Gharama haiko kwenye ukubwa, dada yangu. Iko kwenye upindo. Kisu kimoja kinazaa kingo mbili, moja yako, moja yake, na urefu wake ni ule ule."

"Fundi amesema kweli," akasema Salimu haraka.

"Fundi amesema kweli kwa sababu imekufaa. Sheikh aliposema mbili kwa moja ulisema sheikh amesema kweli. Leo fundi anasema sawa kwa sawa, unasema fundi amesema kweli. Wewe ukweli unakupenda sana, kaka."

Bi Mwanakombo akaguna kwenye mkeka wake. Mimi nikaanza kueleza tena upindo ni nini. Nilichukua ukili wa mkeka nikaukata mbele yao, nikawaonyesha kingo mbili. Hakuna aliyetazama. Vijana, mkiona watu wanabishana juu ya shilingi tatu na hawatazami mnachowaonyesha, jueni hawabishani juu ya shilingi tatu, na kaeni kimya. Mimi sikukaa.

"Kama mnaona taabu," nikasema, "Salimu alipe nne, wewe mbili."

"Kwa nini nilipe nne?" akasema Salimu. "Umesema mwenyewe ukingo ni sawa."

"Lipa nne kwa sababu mama aliuguzwa na mimi," akasema Mwanamvua. "Nilikuja kutoka Mkwiro na mtoto mgongoni, nikakaa kutoka mwezi wa mfungo mosi mpaka alipokata roho. Wewe uko ua wa pili, ulikuwa ukija baada ya isha kuuliza amekula nini."

"Nilikuwa nikitafuta hicho alichokula. Nani alileta samaki? Nani alileta dawa?"

"Samaki hamgeuzi mtu ubavu."

Salimu alikuwa mtu mkubwa, mabega ya mpanda minazi, na nilimwona anashindwa mahali pa kuweka mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naogopa kumwona vile." Lakini alisema akitazama ukuta, na dada yake alikuwa anatazama mfarishi, sijui kama alisikia.

Kisha Mwanamvua akasema, "Usikatwe."

"Umekubali mwenyewe kwa sheikh."

"Nilikubali kugawana. Sikukubali kisu. Niuzie mafungu yako. Fundi autie thamani, mimi nitakulipa thuluthi mbili za thamani hiyo, nitaondoka nao mzima." Akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akalifumba tena bila kutuonyesha. Baadaye niliambiwa alikuwa amesuka makuti na kuyauza msimu mzima wa mvua kwa ajili ya safari hiyo, akiogopa kwamba kaka yake angetaka shilingi hamsini.

Salimu akafikiri. Nilimwona anafikiri. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, kuwa fundi akitaja nyingi dada yake hataweza, na kisu kitafanya kazi. "Sawa," akasema. "Fundi atie thamani. Atakalosema ndilo. Mimi nimeridhia."

"Na mimi nimeridhia," akasema Mwanamvua.

Wote wawili wakanitazama. Bi Mwanakombo akaacha kuchambua sufi. "Bakari," akasema, "sema polepole."

Hapo ndipo watu wengi walipokuja kunisingizia hekima. Wamenisimulia mimi mwenyewe hadithi hiyo, eti niliona mbali, eti nilikuwa na makusudi. Msinitafutie hekima. Waliniuliza thamani, na mimi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeitafuta kwa jua la Lunga Lunga kutwa nzima. Na nilimwonea huruma yule dada, nikafurahi kwamba ukweli kwa mara moja uko upande wa mnyonge. Nilidhani nampa zawadi.

"Shilingi moja," nikasema.

Mwanamvua akaliachia fundo la kanga yake.

"Shilingi moja nini?" akauliza Mwanamvua.

"Thamani yake. Mfarishi uliotumika, sokoni, ni shilingi moja. Kwa hiyo utampa kaka yako senti sitini na kitu, uondoke nao. Kazi imekwisha."

Nilitazamia atalia kwa furaha. Alisimama. "Mama yangu," akasema, "alishona mfarishi huu kwa taa ya kibatari, mstari kwa mstari, na sindano ikamtoboa subana, ile kofia ya kidole, mpaka nyamani, na wewe unasema shilingi moja?"

"Dada, mimi sisemi mama yako. Nasema soko."

"Tazama mishono hiyo," akasema Salimu. Naye alikuwa amesimama. "Wewe unaweza kushona hivyo? Fundi mzima, unaweza?"

"Siwezi," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Basi unatia thamani kitu usichokiweza?"

"Mmeniuliza."

"Tulikuuliza thamani, hatukukuuliza matusi," akasema Mwanamvua.

Nikaona nimeikosea hesabu mahali. Nikajaribu kuirekebisha, kama mtu anayekanyaga matope na mguu wa pili ili autoe wa kwanza. "Basi," nikasema, "kwa ubora wa mishono, tuseme shilingi ishirini."

"Sasa anatuhurumia," akasema Salimu kumwambia dada yake.

"Ametuona maskini," akasema Mwanamvua kumwambia kaka yake.

"Thelathini," nikasema.

"Sasa amefungua mnada," akasema Salimu.

"Amefungua mnada wa tandiko la maiti, mbele ya wenyewe. Huyu alilelewa na nani?"

Bi Mwanakombo akasema kwa upole kutoka kwenye mkeka, "Hakulelewa vizuri, wanangu. Mtamsamehe." Huyo ndiye mwalimu wangu, niliyemnunulia uzi kwa bei nilizozitaja mimi.

Wakaanza kuukunja. Walisimama kila mmoja upande wake, wakashika pembe, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena, kama watu waliofundishwa kukunja na mama mmoja, na midomo yao haikupumzika. Salimu alisema fundi wa kweli hapimi kwa shubiri. Mwanamvua alisema sufi yote ile imeniingia kichwani. Salimu akacheka, cheko fupi, nadhani lilimtoka bila ruhusa. Nikawauliza nani atanilipa asubuhi yangu. Hakuna aliyegeuka.

Waliutoa nje. Salimu akaufunga kwenye keria kwa ile kamba ya mkonge, akaukaza, akausawazisha kwa kiganja. Mwanamvua akapanda, akaukalia, akashika kiti cha mbele. Nikasimama mlangoni na subana kidoleni, nikisubiri angalau kwaheri, na hesabu ya shilingi sita ikinipita kichwani.

Baiskeli ikayumba, ikapata mwendo, ikafika barabara kuu. Kwa Salimu, Mwabungo, ni kaskazini. Kazi yake, minazi yake na mke wake wako huko, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akakata usukani kusini, kuelekea Shimoni, kwenye maji ya kuvukia Mkwiro, safari ya jasho kwa mtu mwenye mzigo nyuma, na dada yake juu ya mzigo. Vumbi likawafunika miguu. Upepo ulikuwa unavuma kwetu, na mpaka wanapotea niliendelea kuwasikia, sauti mbili kwa zamu, wakinisengenya.